Ubani: Namna ya Kuujua, Kuununua na Kuufukiza

Tulipofiwa Bombo mwaka juzi, siku ya pili ya matanga waliingia wageni kutoka Mombasa, watu wa upande wa mume wa marehemu. Mkubwa wao alimshika kaka yangu mkono, akamwekea bahasha na kusema, "Shemeji, pokeeni ubani wetu. Ni mdogo, lakini tumekuja nao." Binti wa jirani, aliyekisoma Kiswahili shuleni, alikuwa amekaa mkekani kando yangu. Akaninong'oneza, "Shangazi, huo ubani wenyewe uko wapi? Mimi nimeona pesa tu."

Nilimjibu baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo. Kwa Waswahili wa pwani, ubani ni mchango wa msiba. Ubani hufukizwa nyumba inapofiwa, na zamani aliyekwenda kuhani alisaidia kuupata. Siku hizi huleta fedha, lakini jina limebaki. Waganda wana neno lililopita njia hiyohiyo. Amabugo zilikuwa nguo za gome la mutuba za kumviringishia maiti, na leo ni noti zinazoandikwa kwenye daftari pale mlangoni. Binti akacheka kwa furaha, maana amabugo aliyajua tangu utotoni, ila hakuwahi kuyaona yamekaa karibu hivyo na neno la Kiswahili.

Tangu siku ile ameniuliza mengi: upi ni ubani wa kweli, unanunuliwa wapi, kwa nini wake ulinuka lami alipoujaribu. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake na kwa yeyote hapa Uganda aliyepewa mfuko wa vijiwe vyenye harufu asijue aanzie wapi. Mimi nilifundishwa na haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na jambo alilolirudia kuliko yote ni kwamba usitie kitu motoni wala mdomoni kabla hujajua kimetoka kwenye mti gani.

Anza na jina

Neno ubani limetoka kwenye Kiarabu, lubān, na shina lake ni lile la maziwa, kwa kuwa utomvu huu ukichuruzika kwenye gome huwa mweupe. Uvumba ni jina pana zaidi la vitu vya kufukiza. Biblia ya Kiswahili inayatumia yote mawili: mamajusi wa Mathayo 2 walileta dhahabu, uvumba na manemane, lakini Musa alipoagizwa kuchanganya manukato ya hema, katika Kutoka 30, aliambiwa atie ubani safi. Udi ni kitu kingine kabisa. Ni mbao za mti wa Asia zilizoingiwa na kuvu, na mti ukajikinga kwa kuzijaza mafuta ya harufu. Tunaposema mtu alitafuta jambo "kwa udi na uvumba", tunamaanisha alifanya kila njia, kama mtu aliyechoma vyote viwili, cha bei na cha kawaida, ili haja yake ikubaliwe.

Sokoni majina haya hayana mipaka. Uliza ubani Owino, soko la Kampala, na unaweza kuonyeshwa vitu vitano tofauti. Vitambue hivi.

Ubani wenyewe hutoka kwenye miti ya Boswellia. Boswellia sacra huota juu ya miamba ya Dhofar kule Oman, Yemen, na milima ya kaskazini mwa Somalia. Wasomali huuita utomvu wake beeyo. Ndugu yake wa Somalia, Boswellia frereana, hutoa maydi, vipande vikubwa vya rangi ya asali ambavyo ni vitamu sana kutafuna. Ethiopia, Eritrea na Sudan kuna Boswellia papyrifera, na sehemu kubwa ya ubani unaofukizwa makanisani duniani umetoka kwenye mti huo. India wana serrata. Hata sisi tuna wetu: Boswellia neglecta, mti mdogo wa nyika kavu unaotoka kusini mwa Ethiopia, ukapita kaskazini mwa Kenya, ukafika Karamoja. Utomvu wake mara nyingi ni mweusimweusi, umechanganyika na magome.

Manemane ni binamu. Miti yake, Commiphora, ni ya ukoo mmoja na Boswellia, ina miiba, na utomvu wake ni mwekundu wa kahawia na mchungu sana. Wasomali huita malmal.

Gundi ya mgunga, inayookotwa Karamoja, si ubani. Ni nzuri kwa kazi zake, viwandani na kwenye vinywaji, lakini haina harufu ya maana. Sandarusi nayo ni utomvu mgumu, na pwani ya Afrika Mashariki iliiuza ng'ambo kwa ajili ya vanishi. Watu huifukiza pia, ila moshi wake ni mkali.

Wa tano ni muwafu, nao nitauzungumzia peke yake chini.

Utomvu hupatikanaje

Hatua hii si ya mikono yako, lakini ukiijua utanunua kwa akili. Mvunaji wa Boswellia hukwangua vipande vidogo vya gome kwa chuma kifupi chenye makali. Mti hutoa matone meupe kufunika kidonda, yakaachwa siku kumi hadi kumi na nne yakauke, kisha mvunaji hurudi kukwangua tena palepale. Matone ya mara ya kwanza si mazuri. Yanayofuata, msimu ukiendelea, huwa safi zaidi na bei yake hupanda. Vijiwe vilivyoshikana na magome meusi mara nyingi ni vya mwanzo au vimeokotwa chini.

Biashara hii ni ya kale mno. Karibu miaka 3,500 iliyopita, malkia Hatshepsut wa Misri alipeleka merikebu nchi ya Punt, na kuta za hekalu lake pale Deir el-Bahri bado zinaonyesha miti ya uvumba ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Njia za ubani za Oman ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Miti yenyewe imechoka. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera uligundua kwamba zaidi ya robo tatu ya misitu iliyochunguzwa haina miche michanga, na ukakadiria kwamba utomvu utapungua kwa nusu ndani ya miaka ishirini. Sababu ni mifugo inayokula miche, moto wa nyika, na kukwangua mti kupita kiasi bila kuupumzisha. Kwa hiyo ninaponunua, nanunua kidogo, na hakuna punje inayopotea nyumbani kwangu.

Kununua

Kampala, mimi huenda Kisenyi kwa akina mama wa Kisomali. Maduka yao utayajua kwa pua kabla ya macho. Mara ya kwanza nilisalimia, nikasema nataka ubani. Mama mwenye duka akaniangalia.

"Waalaikum salaam, binti yangu. Wa kutafuna au wa moto?"

Sikuwa na jibu, na nilipokuwa nafikiri akanivutia kiti. Swali hilo lishike, maana ndilo la kuanza nalo dukani. Wa kutafuna, omba maydi, au beeyo safi isiyo na gome. Wa moto, hata punje ndogondogo zilizovunjika zinafaa, na ni rahisi zaidi. Mwambie mwenye duka unakusudia nini naye atakuchagulia. Akikuambia wote ni sawa, aga kwa adabu uende duka la pili.

Niliwahi kulipuuza hilo. Tulikuwa na hitima, nikanunua kilo nzima kwa mtu aliyekuwa akitembeza mfuko, kwa sababu bei yake ilikuwa nusu. Tulipoutia motoni ulitoka moshi mweusi wenye harufu ya tapentaini, dari ikaingia masizi, na mjomba wangu mzee alikohoa hadi tukamtoa nje katikati ya dua. Ulikuwa utomvu wa msonobari. Misonobari imepandwa sehemu nyingi za nchi yetu, na utomvu wake mkavu, ukiuona kwa mbali, unafanana sana na ubani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hiyo niliiona methali hiyo kwa macho yangu.

Tangu hapo nafanya majaribio haya, na mengi yake unaweza kuyafanya dukani.

Tazama kwanza. Ubani mzuri una umbo la tone au chozi, na juu yake kuna unga mweupe wa kusuguana. Ukiuvunja, ndani ni kama nta au kioo chenye ukungu. Msonobari hung'aa kama kioo cha chupa, wa rangi moja tu, na huvunjika kwa ncha kali.

Kisha ufumbate kiganjani kwa dakika moja na unuse. Ubani una harufu ya limau, ya majani, yenye utamu wa mbali. Ukinuka rangi ya mlango, urudishe.

Ukipita hapo, na mwenye duka akiruhusu, tafuna punje moja. Mwanzoni hupasuka na kuwa unga, na utadhani umekosea. Endelea taratibu kwa meno ya mbele na baada ya muda hushikana, ukawa laini na mweupe. Gundi ya mgunga huyeyuka mdomoni na kuisha. Msonobari hung'ang'ania meno na kuacha uchungu mbaya. Kitu kilichonuka tapentaini usikitafune hata kwa majaribio.

Nyumbani, tia punje tatu kwenye glasi ya maji baridi usiku. Asubuhi maji ya beeyo huwa na weupe wa maziwa, kwa sababu ndani yake kuna gundi inayoyeyuka majini na utomvu usioyeyuka. Maydi hauna gundi hiyo kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo maji yake yasipobadilika usimlaumu mwuzaji. Gundi ya mgunga itapotea yote ndani ya maji, na msonobari utabaki vilevile kama kokoto.

Kufukiza

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa huwa moja: moto mwingi na ubani mwingi.

Unahitaji chetezo. Cha udongo kinatosha. Haboba alikuwa na kimoja chenye mguu uliovunjika, kimeegemezwa kwa jiwe, na sikumbuki kukiona kikipumzika usiku wa kuamkia Ijumaa. Kama huna, chukua bakuli nene la udongo, ulijaze mchanga mkavu hadi nusu, na uliweke juu ya kigae au sahani ya chuma. Bila mchanga, bakuli hupasuka na meza huungua.

Chukua kipande kimoja cha mkaa kutoka kwenye sigiri, ukubwa wa limau dogo, kilichoiva chote. Kiweke nje ya mlango mpaka kifunikwe na majivu ya kijivu na kisitoe cheche. Vile vidonge vya makaa vya dukani vinavyojiwasha vyenyewe vimetiwa chumvi ya kuwashia. Ukivitumia, subiri zaidi, maana ukitia ubani mapema utanusa baruti. Mimi nausifu mkaa wa sigiri, ila usiwe umechomewa plastiki kuuwasha. Harufu ya kaveera, mfuko wa plastiki, haitoki.

Kisha fanya jambo ambalo haboba hakuliruka kamwe. Chota majivu laini ya sigiri, unyunyize juu ya mkaa hadi usiuone wekundu wake. Juu ya majivu hayo ndipo unapoweka ubani. Mkaa mtupu huunguza utomvu papo hapo, moshi hutoka wa bluu na mkali, na dakika mbili baadaye kumebaki harufu ya kitu kilichoungua. Majivu hupunguza joto, utomvu huyeyuka polepole, hutokota, na harufu hutoka yenyewe. Ukiona bado unaungua, tanguliza kipande kidogo cha foili ya jikoni.

Kiasi ni punje mbili au tatu za ukubwa wa mbegu ya mahindi. Chumba cha kawaida hakihitaji zaidi. Punje zikigeuka nyeusi na kuanza kutoa harufu ya ukali, zikwangue kwa kijiko, ongeza majivu, weka mpya. Acha dirisha moja wazi tangu mwanzo.

Nalisisitiza dirisha. Makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala, na moshi wa ubani, japo mtamu, ni moshi. Usilale na chetezo chenye moto chumbani, hata mvua ikiwa inanyesha na baridi imekuzidi. Mtu mwenye pumu, mtoto mchanga na mjamzito wakae chumba kingine mpaka moshi uishe. Najua akina mama wanaompitisha mtoto wa siku arobaini juu ya chetezo. Nakusihi, fukiza shali yake, uipunge nje, ndipo umfunike nayo. Atanukia vilevile.

Ukimaliza, zika mkaa ndani ya mchanga na uuache mpaka asubuhi. Usiumwagie maji kwenye chetezo cha udongo.

Nguo, mtungi na mbu

Nguo hufukizwa zikiwa zimekauka kabisa. Funika chetezo kwa tenga lililopinduliwa, tandaza gomesi, kanzu au leso juu yake, na usiondoke hapo. Dakika tano zinatosha, kisha zikunje na uzifungie kabatini usiku kucha. Hariri na nguo za nailoni ziweke juu zaidi, zisipate joto. Harufu ya ubani kwenye pamba hukaa siku kadhaa. Ukitaka ikae zaidi, changanya na kipande cha udi.

Mtungi wa maji ni raha ambayo pwani bado wanaijua. Uoshe, ukauke, uupindue juu ya chetezo mpaka moshi uujaze, uufunike dakika chache, ndipo utie maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji hupata ladha ya mbali sana. Moshi hausafishi maji, kwa hiyo kuchemsha kusirukwe.

Kuhusu mbu: ndiyo, moshi wa ubani na wa manemane huwasumbua, na wafugaji wa nyika wanautumia hivyo. Lakini malaria ya kwetu haina huruma. Chandarua chenye dawa kibaki juu ya kitanda.

Ibada

Hapa nasema kidogo, kwa kuwa kila mtu anayo dini yake. Nyumbani kwetu tulifukiza Alhamisi jioni, siku za maulidi, na palipokuwa na maiti, kwa sababu harufu njema ni heshima kwa mgeni, kwa Kitabu na kwa aliyelala. Jirani yetu Mkatoliki alinieleza kwamba padri akivukiza altare, kisha waumini, kisha jeneza, anavipa vyote heshima moja, na moshi unaopanda unasimama mahali pa sala, kama zaburi ya 141 inavyoomba. Waorthodoksi wa Namungoona hufukiza karibu kila ibada. Wapo wanaochoma ubani kuita au kufukuza pepo. Mimi sikulelewa hivyo na sina la kufundisha hapo.

Dawa: chukua kwa kipimo

Watu wananiuliza hili kuliko lingine lolote, na majibu ninayoyasikia mitaani yananitia hofu.

Ndani ya utomvu wa Boswellia kadhaa, hasa serrata na sacra, kuna tindikali zinazoitwa za boswelliki. Dondoo la serrata limejaribiwa kwa watu wenye maumivu ya magoti yanayotokana na kulika kwa viungo, na majaribio kadhaa, mengi yake madogo, yalionyesha nafuu. Hapo ndipo ushahidi ulipo na nguvu kidogo. Maydi haina tindikali hizo, kwa hiyo anayekuuzia maydi kama dawa ya goti hajui anachouza. Mafuta ya ubani yanayokamuliwa kwa mvuke nayo hayana, kwa sababu tindikali hizo ni nzito, hazipandi na mvuke. Ni mafuta mazuri ya kunukia. Yachanganye na mafuta ya kula au ya nazi kabla ya kupaka, na usiyanywe.

Hakuna ubani unaotibu saratani. Ukisikia mtu amewekewa glasi za maji ya ubani badala ya kupelekwa hospitali, mpeleke wewe.

Maji ya ubani, yale meupe ya glasi ya usiku, watu wengi wa kwetu na wa Kisomali hunywa funda mbili tatu asubuhi wakiwa na gesi tumboni. Mimi huyanywa mara mojamoja, ya beeyo niliyoijua tu. Mjamzito asiyanywe, wala asinywe manemane. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza, na hilo linahusu pia vidonge vya serrata vinavyouzwa madukani.

Manemane kwa fizi ni dawa ya zamani na ya maana. Punje moja ndogo isagwe, ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, usukutue na uteme. Ni chungu kupita maelezo. Fizi zikiendelea kutoa damu baada ya wiki, ni kazi ya daktari wa meno.

Kutafuna hakuhitaji maelekezo mengi. Punje moja safi baada ya chakula huondoa harufu ya kitunguu na kuacha kinywa baridi. Usimpe mtoto mdogo, anaweza kupaliwa.

Ubani wa nyumbani kwetu: muwafu

Naona uchungu kidogo tunapotafuta ubani wa mbali na kuupita huu kila siku. Ukisafiri Mpigi au Mukono utauona muwafu umesimama peke yake katikati ya shamba la migomba, mti mrefu wenye shina lililonyooka, mingine inapita mita 40. Kwa jina la wataalamu ni Canarium schweinfurthii, na ni wa ukoo uleule wa Boswellia na manemane. Wengi wanaujua kwa matunda yake, empafu, yale meusi ya zambarau yanayouzwa sokoni na kulainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huyafanya yawe magumu, kwa hiyo subiri yapoe kwanza.

Gome la muwafu likijeruhiwa hutoa utomvu mzito wa rangi ya maziwa, ambao hukauka ukawa manjano. Waganda huuita obubaane, neno lilelile la ubani. Harufu yake iko karibu na limau, yenye ukali wa mbali, na hushika moto kirahisi kuliko beeyo. Ndiyo maana zamani ulitumika pia kama mwenge. Kwa sababu hiyo uutie kwa uchache zaidi. Punje moja, majivu mengi. Ukiwaka mwali, uufunike kwa kifuniko cha sufuria, uanze upya.

Kuukusanya kuna adabu yake. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, maana mti huo huenda ulipandwa au kuachwa na babu yake. Okota ulioganda kwenye vidonda vilivyokwisha kuwepo na ule ulioanguka chini. Huo unatosha nyumba moja kwa miezi. Ukibidi kukwangua, kwangua sehemu ndogo ya gome la nje, upande mmoja tu, na usiwahi kuzungusha panga kulizunguka shina, kwa sababu mti uliokatwa gome kuuzunguka hufa. Utomvu mbichi unanata vibaya kwenye vidole. Jipake mafuta ya kula kabla ya kuanza, na uuanike kwenye jani la mgomba kivulini kwa wiki mbili au tatu hadi ukiubonyeza kwa ukucha usiingie. Huu usiutafune; ni wa moto.

Kuhifadhi

Chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali pa giza na baridi. Juani punje hushikana kuwa donge moja. Zikishikana, tia chupa kwenye friji saa moja, kisha ligonge donge ndani ya kitambaa. Ubani usiusage mapema. Unga hupoteza harufu haraka. Beeyo, maydi, manemane na obubaane kila kimoja na chupa yake, na uandike jina na mwezi ulionunua.

Vumbi linalobaki chini ya chupa likusanye. Akina mama wa Kisomali hupika sukari ikawa kahawia, wakatia vumbi hilo, udi uliopondwa na manukato, wakamimina kwenye sinia, ikikauka wanaivunja vipande. Hiyo ndiyo uunsi. Moja ndogo juu ya mkaa uliofunikwa majivu hunukisha sebule jioni nzima.

Na mbegu za empafu ulizokula usizitupe. Zipande zingali mbichi, kwenye mifuko yenye udongo mwepesi, na uzimwagilie bila kuchoka kwa kuwa ganda lake ni gumu na huchukua wiki kadhaa kupasuka. Panda kadhaa, si mmoja, maana muwafu una miti dume na miti jike, na dume hauzai. Binti wa jirani amepanda sita nyuma ya jiko lao. Minne imeota, na mrefu zaidi umefika magotini kwake.